Pimbi wa Kiapo

Nchi yetu hamuijui, na wala msijisumbue kuitafuta kwenye ramani. Iko mbali sana na kwenu. Haya nitakayosimulia hayawezi kutokea huko mliko, ndiyo maana nasimulia kwa raha zangu, bila wasiwasi kwamba kuna msomaji atakayemtazama jirani yake kwa jicho la pembeni.

Mimi ni mshereheshaji wa Serikali, jina langu Evaristo. Kazi yangu ni kushika kipaza sauti na kuhakikisha itifaki imezingatiwa. Msiidharau kazi hii. Kwetu hakuna kitu kinachokuwepo mpaka kizinduliwe na mgeni rasmi. Tuna daraja zuri sana la zege, na watu wanavuka mto kwa mtumbwi chini yake, kwa sababu mgeni rasmi bado ana ratiba ngumu. Mwaka juzi mvua ilianza kunyesha kabla ya uzinduzi wa masika. Mkurugenzi wa Hali ya Hewa alisimamishwa kazi palepale, na wananchi waliombwa kuwa watulivu na wasilowe.

Mnyama wetu wa Taifa ni pimbi. Ndiyo, pimbi huyuhuyu wa majabalini, mnene, asiye na mkia, anayeota jua kutwa kama mstaafu. Inasemekana Mlezi wa Taifa, enzi za kupigania uhuru, alijificha kwenye pango la majabali wakati wenzake wakipigana bondeni. Humo pimbi akamng'ata kidole, naye akapiga yowe kubwa, na adui kusikia hivyo akadhani ni jeshi zima, akakimbia. Tangu hapo mtumishi wa umma hali mkate wa Serikali mpaka aape kwa pimbi. Anasimama mbele ya bendera, anapokea pimbi hai kutoka Banda la Kiapo la Ikulu, anamtilia kidole cha shahada mdomoni, anatamka maneno ya utii. Aking'atwa damu ikatoka, kiapo kimepokelewa. Asipong'atwa, uzalendo wake una walakini, na atarudi kujaribu mwakani. Waziri, mkunga, askari, karani, wote tuna kovu hilo. Pimbi ni walewale, wanang'ata huyu, wanafutwa mdomo kwa kitambaa, wanang'ata yule.

Mdogo wangu Kastori, mwalimu wa jiografia, aling'atwa mara tatu siku moja. Alikuwa ameanza kucheka katikati ya kiapo, akalazimika kurudia. Kastori alikuwa mtu wa kucheka ovyo. Alikuwa akishabikia timu moja ya mtaani kwetu iliyofungwa kila Alhamisi, na kila Jumatano jioni alikuwa na uhakika kwamba kesho ndiyo yenyewe.

"Mara tatu!" nilimwambia, nimejaa fahari. "Wewe utafika mbali."

"Kaka, nitafika zahanati," akajibu, huku akinyonya kidole.

*

Basi ikatokea kwamba pimbi wa Ikulu wakalegea. Wakawa wanang'ata kivivu. Wakuu wa wilaya wawili waliapishwa na damu haikutoka, ikabidi wachanjwe kwa wembe faragha. Taharuki ikawa kubwa. Ikulu ikamwita Dokta Leokadia, daktari wa wanyamapori, achunguze ni nani anayehujumu meno ya Taifa.

Leokadia ni shemeji yangu, mke wa Kastori. Ni mwanamke wa maneno machache, ila akianza kuzungumzia wanyama wake anasahau hata chakula mezani. Alichukua damu ya pimbi, akajifungia kwenye maabara yake, chumba kimoja chenye jokofu linalonguruma, akatoka baada ya wiki kadhaa macho yakimng'aa. Kuhusu meno jibu lilikuwa rahisi, pimbi walikuwa wazee. Ila damuni mwao kulikuwa na kitu.

"Shemeji," akaniambia, "ile homa ya ini ya watu unaijua?"

"Naijua."

"Kirusi chake nimekiona kwa pimbi. Si chenyewe, ni binamu yake. Sura moja, ukoo mmoja, vitabia vinatofautiana kidogo. Hakuna aliyewahi kumwona duniani!"

"Na mgeni rasmi ni nani?" nikauliza.

Akageuka, akafungua jokofu lake.

Ikawa sasa lazima ajue kama pimbi wa porini nao wanacho. Likizo ya shule ilipofika alipanda majabalini, na Kastori akambebea mitego. Walikuwa wakirudi jioni wamechubuka magoti, wananuka mkojo wa pimbi, wanacheka. Kastori aliwapa pimbi majina ya wachezaji wa timu yake. Leokadia alikuwa akiwachukua tone la damu, anawapaka dawa, anawaachia warudi kwenye miamba yao. Na kweli, wale wa porini nao walikuwa nacho, tena wengi. Lakini walikuwa wananenepa, wanazaa, wanaota jua. Kirusi na pimbi walikuwa wameshazoeana tangu zama na zama, kila mmoja anamstahi mwenzake. Sijapata kuwaona watu wawili wenye furaha kama wale mwaka ule, na naandika hivi moyo unaniuma.

Leokadia akatengeneza kipimo chake, kwa sababu kipimo cha hospitali kinamtafuta kirusi wa watu peke yake, binamu akipita mbele yake hakimtambui. Akakijaribu kwa watu wa nyumbani. Kwa mama mkwe hakuna kitu. Kwa mtumishi wa nyumbani hakuna kitu. Hao hawajawahi kuapa kwa pimbi. Kwa Kastori kikawaka.

Akarudia. Kikawaka tena. Akamsogeza mume wake dirishani, akamvuta kope kwa kidole, na sote tukaona. Weupe wa macho ulikuwa umeanza kuwa wa njano. Tulikuwa tunamwona kila siku na hakuna aliyekuwa ameona.

*

Dawa ilikuwepo. Hili nataka mlielewe vizuri. Vidonge vinavyomtuliza kirusi wa watu vinamtuliza na binamu pia, Leokadia alishaviona vikifanya kazi maabara. Vilikuwa vimejaa kwenye ghala la hospitali kuu, na havipatikani pengine popote nchini. Ila kwetu kumpa dawa mtu asiye mgonjwa ni kosa la jinai, na mgonjwa ni yule ambaye kipimo cha hospitali kimesema hivyo.

Kastori akapimwa. Daktari wa zamu akatoka na tabasamu, akamshika mkono.

"Hongera, mwalimu. Huna homa ya ini."

"Nashukuru sana," akasema Kastori. "Sasa haya macho nimeyaazima wapi?"

Leokadia akaenda kwa Waziri wa Afya, Itifaki na Uzinduzi, Mheshimiwa Polikarpo. Mimi nilikuwepo, maana Mheshimiwa hapokei mgeni bila mshereheshaji. Nikamtambulisha Waziri kwake, nikamtambulisha yeye kwa Waziri, nikaomba makofi, makatibu wakapiga. Leokadia akaeleza yote. Mheshimiwa alisikiliza amefumba macho, kama anavyofanya katika mambo mazito na mepesi.

"Nani," akauliza mwishowe, "aliyempa Mnyama wa Taifa ruhusa ya kuugua?"

"Haugui, Mheshimiwa. Anabeba tu."

"Anabeba? Mnyama wa Taifa ni mchukuzi?"

"Mheshimiwa, naomba mambo mawili. Viapo visimame, na kirusi kitambuliwe ili watu wapewe dawa. Walioumwa ni wengi. Mume wangu ni mmoja wao."

"Nikitambue mimi? Nimekizindua lini?" Akageuka kwangu. "Evaristo, tumewahi kuzindua kirusi?"

"Hapana, Mheshimiwa. Tulizindua choo cha stendi na msimu wa embe."

"Umesikia, daktari. Hata hivyo Serikali yenu ni sikivu. Nitaunda Tume."

Tume ikaundwa, ikapewa viti vipya na chai ya maziwa. Shahidi wa kwanza alikuwa pimbi. Kwa kuwa hakuna shahidi asiyeapa, na hakuna kiapo bila pimbi, ikabidi aletwe pimbi wa pili ili wa kwanza aapie kwake. Wakang'atana vibaya sana. Mwenyekiti akaridhika kwamba kiapo kimekubali pande zote mbili, akamwuliza shahidi, "Je, wewe ni mgonjwa?" Shahidi akanyamaza, akajikuna. Akaulizwa tena kwa heshima zaidi. Akanyamaza. Tume ikaandika kwamba shahidi hana malalamiko yoyote ya kiafya, ikaenda likizo.

Nyumbani Kastori alikuwa amevimba tumbo, miguu imekonda. Alikuwa anafundisha ameketi. Wanafunzi wake walimchorea mto mkubwa ubaoni ili asisimame, akaanza kuwaonyesha maporomoko kwa fimbo ndefu kutoka kitini.

*

Ikakaribia Siku ya Pimbi, sikukuu yetu ya Taifa. Kabla yake, Mheshimiwa Polikarpo akatuita tena mimi na shemeji. Safari hii alikuwa mpole kupita kiasi, amevaa miwani myeusi ndani ya nyumba. Nikadhani ni mtindo.

"Daktari, mwanangu," akasema, "kuna maneno mitaani. Walimu wapya wameanza kuogopa kuapa. Wewe ndiye uliyeyaanza, wewe ndiye utakayeyamaliza. Panda jukwaani, useme mbele ya wananchi kwamba pimbi wetu ni wazima. Maneno hayo tu. Kesho yake mumeo anapanda ndege, anatibiwa kulekule tunakotibiwa sisi."

Tulitoka tukatembea mpaka nyumbani.

Kastori alikuwa amelala kwenye mkeka barazani, anatafuta upepo. Mkewe akamweleza. Hakucheka.

"Usiseme," akamwambia. "Jumatatu wanaapishwa walimu wapya. Nusu yao nimewafundisha mimi."

"Najua."

"Yumo Skolastika, yule aliyekuwa anachora dunia duara kabisa bila bikari. Atamtilia pimbi kidole kwa sababu wewe umesema mzima."

"Najua, Kastori! Unafikiri sijui?" Akaanza kulia kwa sauti, na sikuwahi kumwona akilia. "Hao nitawalilia. Nitawalilia maisha yangu yote, nitaenda kwa kila mmoja kumwomba radhi. Lakini kwanza wewe. Nimemjua pimbi mpaka chembe ya damu yake, nimejua kinachokuua, nimejua na dawa yake iko chumba gani. Sasa nikutazame tu? Nikutazame hivi?"

Kastori akamshika mkono. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Mimi nikajifanya nafunga kamba ya kiatu.

Siku ya Pimbi ilipofika, uwanja ulifurika. Nilimwalika Dokta Leokadia jukwaani kwa sifa zote anazostahili: mbobezi, mzalendo, mwana wa majabali. Akashika kipaza sauti kwa mikono miwili. Mbele yake, kwenye kiti chenye mto wa hariri, alikaa pimbi mkuu wa Ikulu, anasinzia.

"Pimbi ni wazima," akasema.

Uwanja ukalipuka. Na kitu kimoja nitakisema hapa kwa haki yake. Hakusema uongo. Pimbi walikuwa wazima. Wagonjwa walikuwa ni sisi.

*

Kesho yake asubuhi tulifika wizarani na begi. Kastori alivaa suti yake ya harusi, imempwaya, suruali imefungwa kwa kamba. Tulimshika huku na huku mpaka ofisini.

Mheshimiwa alitupokea kwa mshangao wa dhati. Hakuwa na hasira hata kidogo, na hili ndilo linalonisumbua mpaka leo. Alikuwa na huruma.

"Safari? Safari ya kutibiwa nini?"

"Ini, Mheshimiwa," nikasema. "Kama mlivyoahidi."

"Lakini ini limepatwa na nini? Jana daktari mwenyewe, mtaalamu wetu tunayemwamini, ametamka mbele ya Taifa zima kwamba pimbi ni wazima. Pimbi akiwa mzima, hakuna kirusi. Kirusi kisipokuwepo, mwalimu haumwi." Akafungua mikono. "Mimi nitatumiaje fedha za umma kumsafirisha mtu mzima wa afya? Mnataka nifungwe?"

Leokadia alipiga magoti. Daktari yule, aliyepanda majabali na kushuka, alipiga magoti juu ya zulia la wizara akashika miguu ya meza.

"Mheshimiwa, anakufa."

"Inuka, mwanangu, inuka. Wanaume wana kawaida ya kujidekeza." Akazunguka meza, akampa Kastori mkono. "Hongera kwa kupona, mwalimu. Shule inakusubiri."

Hapo Kastori akacheka. Alicheka mpaka akaishiwa pumzi, ameniegemea begani, mwepesi jamani, mwepesi kama nguo. "Kaka," akasema, "twende nyumbani. Hapa nimeshapona."

Alifariki Alhamisi mchana. Redio ya jirani ilikuwa inatangaza mpira, timu yake inacheza. Mkewe alikuwa anamlowesha midomo kwa pamba. Akafumbua macho yale ya njano, akaniuliza, "Ngapi ngapi?"

"Mbili bila."

"Tumefungwa?"

"Tunaongoza."

Akatabasamu kidogo. "Kaka, hujui kusema uongo, na ndiyo kazi yako."

Hakusema lingine. Leokadia aliendelea kumlowesha midomo muda mrefu baada ya pale, mpaka mama alipomwondolea pamba mkononi. Mimi nilitoka nje nikamwomba jirani azime redio, nikashindwa kumweleza kwa nini, nikakaa chini kwenye mchanga pale mlangoni pake na kulia kama mtoto.

Serikali ilituma shada la maua na mwakilishi. Ilinibidi nishereheshe mazishi ya mdogo wangu, maana mwakilishi hazungumzi bila kutambulishwa. Akasema Taifa limempoteza mwalimu hodari, aliyefariki akiwa na afya njema. Jumatatu walimu wapya wakaapishwa. Skolastika aling'atwa mara moja tu, akatoka damu safi, wazazi wake wakapiga vigelegele.

*

Miezi haikupita mingi, Mheshimiwa Polikarpo akasafiri kwenda ng'ambo kwa mapumziko. Tulimsindikiza uwanja wa ndege. Upepo ulimpeperushia miwani yake, akaiwahi haraka, lakini mimi nilikuwa karibu na niliona. Macho yalikuwa ya njano kuliko ya Kastori.

Huko ng'ambo wakubwa wa hospitali walikuwa na kipimo kipya. Leokadia alikuwa amewapelekea wenzake wa huko namna ya kukitengeneza, zamani zile za furaha, kama wataalamu wanavyopeana habari. Wakampima Mheshimiwa, kikawaka, wakampa vidonge. Vidonge vilevile vilivyojaa kwenye ghala letu.

Alirudi amenenepa. Zulia jekundu likatandikwa, ngoma zikapigwa, na Leokadia akaamriwa kwenda kumvisha shada shingoni, kwa kuwa ndiye aliyethibitisha uzima wa Mnyama wa Taifa. Alikuja na nguo zake za eda. Afisa mmoja wa itifaki akamfunika kitenge chenye picha ya pimbi ili asiharibu rangi ya sherehe.

Mheshimiwa akashuka ngazi, akavua miwani, akawapungia wananchi. Macho yake yalikuwa meupe kabisa. Leokadia akamvisha shada. Mheshimiwa akainama sikioni kwake, na kwa kuwa mimi nilikuwa kati yao na kipaza sauti changu, nilisikia.

"Daktari," akanong'ona, kwa shukrani ya kweli, "kile kipimo chako ni sahihi kabisa. Hongera sana."

Leokadia hakupiga kelele. Alimtazama macho yale meupe, akayatazama muda mrefu kuliko itifaki inavyoruhusu, kisha machozi yakaanza kumtiririka na mikono ikabaki hewani hapohapo ilipoachia shada. Umati ukaanza kunong'ona. Mheshimiwa akanikazia jicho.

"Evaristo, watangazie. Sema ni machozi ya furaha." Akageuka, akaenda kuwapungia wananchi.

Nikainua kipaza sauti. Nimetangaza mambo mengi maishani. Nimetangaza visima visivyo na maji na hospitali zisizo na milango, na sauti yangu haijawahi kutetemeka. Nikafungua mdomo nikasema, "Mabibi na mabwana, huyu mnayemwona analia ni mjane wa mdogo wangu. Mdogo wangu aliitwa Kastori. Aliuawa na kirusi cha pimbi wa kiapo, na dawa ilikuwepo, na huyu aliyeshuka kwenye ndege ameponywa kwa dawa hiyohiyo."

Mafundi wa sauti wa Serikali ni wepesi mno. Walikata umeme nikiwa bado kwenye neno la kwanza. Watu waliona midomo yangu ikicheza na mkono wangu ukinyooka, na kwa kuwa wamezoea, nilipomaliza wakapiga makofi, uwanja mzima, kwa muda mrefu.

Katika watu wote wale, ni Leokadia peke yake, aliyesimama hatua moja kutoka kwangu, aliyesikia jina la mume wake.